Programu ya bure ya kupanga pesa za nyumba: Goodbudget, Google Sheets au nyingine?

Mwalimu_Busia
Habari za jioni wandugu. Mimi na mke wangu tumekubaliana kwamba kuanzia mwezi ujao matumizi yote ya nyumba yaandikwe mtandaoni. Daftari limetushinda. Nimeangalia Goodbudget, Google Sheets na Wallet ya BudgetBakers. Sharti langu ni moja tu, iwe ya bure. Mnaozitumia mnasemaje? Nataka niamue kabla ya Jumapili.

Mama_Rehema
Mwalimu, umeuliza bei ya nguo bila kutaja mwili wa mvaaji. Simu zenu ni za namna gani? Pesa inaingia benki au kwenye laini? Na mke mnakaa nyumba moja?

Fundi_Arua
Google Sheets, basi. Jedwali moja, akaunti mbili za Gmail, nyote mnaandika humo. Ukiliwekea faili alama ya kupatikana bila intaneti, unaandika hata bando likiisha, na likirudi linajisawazisha lenyewe. Historia pia ipo: namba ikibadilika unaona nani kaibadilisha na lini. Ondoa tu desimali. Shilingi yetu ya Uganda haina kazi na .00, zinachosha macho bure.

Kasese_Kahawa
Fundi, hiyo ni kazi ya ofisini. Mtu anatoka sokoni na mifuko mikononi, ataanza kutafuta safu ya vitunguu? Goodbudget ni bahasha: mwezi ukianza unagawa, hii ya chakula, hii karo, hii umeme wa Yaka. Bahasha ikikauka umeshajua, na simu zote mbili zinaona bahasha zilezile. Ya bure ina bahasha za kuhesabu, lakini nyumba ya kawaida zinaitosha. YNAB ina mtindo huohuo ila ni dola 109 kwa mwaka, hiyo sahau.

Juma_Jinja
Mbona hamjataja Mint? Naisikia ikisifiwa.

Fundi_Arua
Ilifungwa 2024, ndugu. Na hata ilipokuwa hai ilikuwa ya watu wa Marekani na Kanada, ikivuta taarifa za benki za huko. Kwa jumla programu zinazojisifu kuunganishwa na benki usizitegemee hapa kwetu. Wallet nayo, kuunganisha ni kwa wanaolipa. Pesa za simu, yaani MoMo ya MTN na Airtel Money, utaandika kwa mkono, upende usipende.

Mwalimu_Busia
Asante Mama Rehema. Mshahara unaingia benki, lakini matumizi karibu yote ni MoMo na Airtel Money. Mke yuko Mbale, ana duka la vitenge, tunaonana mwisho wa wiki. Simu yake ni Android ya zamani, imejaa. Tuna na boda, kijana analeta hesabu kila Jumamosi. Nimeona pia programu moja inayosema itasoma meseji za MoMo na kupanga matumizi yenyewe. Hiyo si itatupunguzia kazi?

Mama_Rehema
Mwalimu, hapo simama kwanza.

Mdogo wangu wa kiume aliweka programu ya namna hiyo. Jina silitaji. Ilijitangaza kuwa ya bajeti. Ikaomba ruhusa ya meseji, akakubali, maana ndiyo kazi aliyoitakia. Ikaomba na majina yote ya simu. Bajeti inataka namba ya shangazi yangu kwa lipi? Muda si mrefu ikaanza kumpa mkopo, kwa sababu ilishasoma anaingiza ngapi na anaishiwa lini. Akachukua, mtoto alikuwa hospitali. Alipochelewa kulipa, wakapigia simu mkubwa wake wa kazi, imamu wetu, hadi wakwe zake, wakisema ni mwizi. Mama yetu aliacha kwenda kwenye shughuli za watu kwa aibu, na hela yenyewe mdogo wangu alishaimaliza kulipa.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2019, na wakopeshaji wanatakiwa wawe na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo. Lakini kabla hujafika kwenye sheria, jina limeshachafuka. Programu ya bajeti ikitaka meseji na majina, ifute. Kuandika kwa mkono ni dakika chache.

Juma_Jinja
Pole sana mama. Mimi pia meseji siruhusu.

Kasese_Kahawa
Pole dada. Ndiyo maana nasema Goodbudget, unajiandikia mwenyewe.

Fundi_Arua
Hata Sheets unajiandikia mwenyewe! Mwalimu, wewe una vyanzo vitatu vya pesa, na mke yuko mji mwingine. Weka safu ya makato peke yake. Ukitoa 500,000 kwa wakala, kodi ya asilimia 0.5 ni 2,500, na ada ya kutoa iko pembeni. Usipoyaandika, mwisho wa mwezi mtaulizana pesa imekwenda wapi.

Juma_Jinja
Hiyo kodi ilianza asilimia 1 mwaka 2018, watu wakapiga kelele ikashuka. Na bando tunakatwa asilimia 12 tangu 2021. Halafu tunaambiwa tupange pesa mtandaoni.

Kasese_Kahawa
Juma, ya kodi fungulia uzi wake. Mwalimu, simu ya mke ikijaa, Goodbudget inafunguka hata kwenye kivinjari, si lazima aipakue.

Mama_Rehema
Nina swali lingine. Pesa ya duka mnaichanganya na ya nyumba? Kama duka ni lake, hesabu za duka abaki nazo mwenyewe, alete nyumbani kile mlichokubaliana.

Juma_Jinja
Mke na mume, siri ya nini tena?

Mama_Rehema
Si siri, Juma. Mtaji wa vitenge ukiliwa kama pesa ya sukari, duka linafungwa.

Mwalimu_Busia
Mama amegusa penyewe, hilo hatujaliongea. Nitaliuliza Jumamosi akija. Na boda je? Matengenezo niyatoe kwenye hesabu ya kijana kwanza, au niyaandike kama matumizi ya nyumba?

Fundi_Arua
Yatoe kwanza. Tairi na oili si chakula cha nyumba.

Kasese_Kahawa
Mimi naona boda ipewe bahasha yake. Na kijana anakuletea ngapi kwa wiki huko Busia? Huku kwetu wanasumbua.