Naomba ushauri: tani moja ya chuma inahesabiwa mara mbili

Wakuu, habari za jioni. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu matumizi ya chuma katika nchi 6 za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia (Vietnam, Indonesia, Thailand, Malaysia, Ufilipino na Singapore) na nimekwama kwenye hesabu.

Natumia kanuni ya kawaida: uzalishaji, jumlisha uagizaji, toa mauzo ya nje. Kwa nondo haina shida. Kazi iko kwenye bamba. Roli la bamba (yaani bamba refu la chuma lililoviringishwa) linaingia Vietnam kutoka China, linahesabiwa. Kiwanda kinalipunguza unene, kinalipaka zinki, yanatoka mabati, nayo yanahesabiwa tena kama uzalishaji. Tani moja imeshakuwa mbili! Nimejaribu kuondoa roli zote zilizoagizwa, jumla ikashuka mno, maana nyingine huenda moja kwa moja kwa watengeneza matangi.

Thailand nako kuna magari. Mwaka 2019 waliunda takriban milioni 2, na karibu nusu yakauzwa nje. Chuma kilichomo bado kinasomeka kama matumizi ya Thailand, wakati gari liko Australia. Msimamizi wangu kaniambia "fanya unavyoona inafaa", na mimi ndiyo sioni.

Kwa waliowahi kufanya hesabu hizi: mnatenganishaje bamba linalosindikwa tena na linalotumika lilivyo? Na chuma cha magari yaliyouzwa nje nikitoe, au nikiweke kwenye safu yake pembeni? Takwimu zangu ni za 2010 hadi 2022, ziko kwenye Excel.