Sauti ya mbali na mwangwi kwenye filamu fupi: ninunue kamera mpya?

Chipukizi_wa_Filamu:
Wakuu, habari zenu. Ninatengeneza filamu fupi, watu wawili wanazungumza mezani, chumba kimoja. Nimerekodi kwa simu. Sura zinaonekana vizuri, ila sauti inatoka mbali na ina mwangwi, halafu kila ninapokata kipande inaruka. Baadhi ya picha zina michirizi ya giza inayotembea. Nina akiba kidogo, nawaza kununua kamera ya kubadilisha lenzi. Nianzie hapo?

Mnasa_Sauti:
Mkuu, akiba hiyo usiipeleke kwenye kamera. Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga, lakini akikosa maneno anaifunga video. Mimi hushika maiki kwenye filamu za marafiki, na inaniuma kuona hadithi nzuri ikipotea kwa ajili ya hili.

Ugonjwa wako ni umbali. Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti ya mwigizaji hupungua kwa takriban desibeli 6, huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu vilevile. Kwa hiyo ukipandisha sauti wakati wa kuhariri, mwangwi nao unapanda. Azima simu ya pili, iwe ya kurekodi sauti tu, uifiche mezani nyuma ya kitu chochote karibu na waigizaji. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo ni bora zaidi: kifuani, kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu. Kabla ya kurekodi mwambie mwigizaji ajigeuze na kunyoosha mikono, usikie kama nguo inakwaruza. Kila kipande kianze kwa kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye ulinganishe viganja vinapokutana na mlio wake.

Chumba chenyewe: tundika mablanketi mazito nje ya picha, tandika na sakafuni. Zima feni. Zima friji, kisha funguo zako ziweke ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha.

Na huko kuruka: kila chumba kina ukimya wake. Mkimaliza, wote wabaki palepale walipo, kimya, urekodi sekunde 30 hadi 60 za chumba kitupu cha maneno. Utautandaza chini ya mazungumzo yote, na viungo vya vipande vitazibika.

Mwanga_Kwanza:
Michirizi ni taa. Penye umeme wa hezi 50 (unaotetema mara 50 kwa sekunde), weka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Penye hezi 60, weka 1/60 au 1/120. Programu ya kamera ya simu isiporuhusu, tafuta nyingine inayokupa mpangilio wa mkono. Ikigoma bado, balbu yenyewe ndiyo mbovu kwa kazi hii, ibadilishe. Funga pia mpangilio wa mwangaza na rangi kwenye kamera kabla ya kuanza, la sivyo ukuta utageuka manjano katikati ya sentensi.

Chipukizi_wa_Filamu:
Asanteni sana. Nikiwa na maiki moja tu kwa watu wawili? Na nilichokwisha kurekodi, kinaokoleka?

Mnasa_Sauti:
Moja ifunge kwenye fimbo ndefu, mtu aishike juu ya vichwa vyao, nje kidogo ya picha, ikielekea vifuani, na aigeuze kumfuata anayezungumza. Mwenye fimbo avae spika za masikioni muda wote. Kipande ambacho hakikusikilizwa usikihesabu kuwa kimerekodiwa. Vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa, viwe karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti, ambacho mwisho wake wa juu ni 0. Vikigonga 0 vinapasuka, na mpasuko huo ni mgumu mno kuutibu.

Ulichonacho usikitupe. Waite waigizaji warudi chumba kilekile, waseme mistari yao upya karibu na maiki wakijitazama kwenye picha. Anza na sehemu ambazo midomo haionekani vizuri, mtu akiwa kageuka au yuko mbali na kamera. Hizo zitakaa bila shida. Za uso wa karibu, kama una nafasi, zipige upya zote.