Naomba ushauri: mtoto aliyeungwa umio, chakula kinakwama

Habari zenu ndugu. Mwanangu alizaliwa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umekatika katikati, kipande cha chini kimeshikana na bomba la hewa. Siku ya kwanza tu mapovu yalimjaa mdomoni, mpira wa kulishia ukagoma kupita. Akapasuliwa ubavu wa kulia, wakatenganisha, wakaunga. Namshukuru Mungu alipona.

Sasa ana miezi 7, tumeanza chakula laini. Vijiko viwili vinashuka. Cha tatu anakunja shingo, macho yanamtoka, anakohoa kile kikohozi cha kubweka, kisha anatema. Daktari anahisi kovu limebana njia, anataka kuipanua kwa puto. Mimi naogopa nusu kaputi tena.

Mliopitia hili, mlipanua mara ngapi? Na kati ya kupanua mara moja na nyingine mlimlisha mtoto vipi?