Majirani wa Bondeni

[06:12] Mama Neema: Amkeni majirani. Nimekuta nondo kwenye taa ya nje. Wa kijivu, ncha ya bawa la mbele ina doa jeupe. Huyo ni dume la viwavijeshi vamizi.

[06:13] Mama Neema: 📷 Picha

[07:30] Mama Neema: Mnasoma hamjibu.

[07:41] Juma: Nondo mmoja tu jamani, labda kaja kuchaji simu 😂

[07:42] Rehema: 😂😂😂

[07:44] Mama Neema: Chekeni. Jike halina hilo doa, wala hutalitambua. Lundo moja la mayai ni 100 hadi 200, limefunikwa manyoya. Kafunueni mahindi moyoni. Mkikuta kama unga wa mbao, kiwavi yumo.

[10:20] Shemeji Rashidi: Viwavi si vyote vinafanana?

[10:21] Mama Neema: Shemeji, angalia usoni: Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia vidoa vinne, vimekaa mraba.

[10:58] Shemeji Rashidi: Duh. Ninao! Lakini kila mhindi una mmoja tu. Jeshi gani hili?

[10:59] Mama Neema: Wakikutana wanalana.

[11:00] Juma: Kama kikundi hiki 😂

[11:02] Mama Neema: Tupulizie dawa Jumamosi saa 12 asubuhi, tuanzie kwa Babu. Wakishakua wanazama ndani, dawa haiwafikii. Bomba la kupulizia liko wapi?

[13:15] Rehema: Anayejijua anajua.

[13:16] Juma: Rehema usinianze. Nilirudisha.

[13:16] Rehema: Ulirudisha mkanda.

[13:17] Mama Neema: Hayo tuliyamaliza!!

[13:20] Rehema: Mliyamaliza nyinyi.

[19:55] Babu Shija: Nimesoma yote. Viwavijeshi wa zamani walitembea kwa kundi, wakimaliza wanahama. Hawa asili yao Amerika. 2016 walionekana Afrika Magharibi, 2017 wakawa hapa kwetu, 2018 wakafika India. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Asiyekagua shamba lake anawafugia wenzake. Juma, bomba nilikute mlangoni kwangu kesho.

[20:31] Juma: Sawa Babu. Shikamoo.

[20:33] Juma: Ila halina nozeli.

[20:34] Rehema: 👀

[20:40] Mama Neema: Nani ana nozeli?

[21:05] Shemeji Rashidi: Jumamosi sipo. Jumapili je?

[21:06] Mama Neema: Shemeji!! Na nyie wengine andikeni "nipo".

[22:48] Rehema: Nipo. Nikiliona bomba kwanza.