Madevelopa acheni kuficha paswadi na kodi za PHP ndani ya komenti za HTML!!

Wakuu nimevumilia sana ila leo nasema. Nimekabidhiwa tovuti ya mteja anauza vipuri vya magari, aliyeitengeneza kashalipwa hela yake na simu hapokei, nikafungua kwenye brauza nikabonyeza Ctrl+U kuona kodi ya ukurasa, hata seva sijaigusa, nakutana na komenti (maelezo ya developa ndani ya kodi, hayaonekani kwenye ukurasa) ina yuza na paswadi ya admin, pembeni kaandika "nitafuta baadaye". Na iko hewani, yeyote mwenye kompyuta anaisoma!

Jamani, komenti ya HTML, yaani <!-- -->, inaiambia tu brauza isikuoneshe, maandishi yenyewe yanatoka kwenye seva na kumfikia kila anayefungua ukurasa. Unataka kumwachia mwenzako maelezo, tumia komenti za PHP (lugha inayofanya kazi kwenye seva), // au # au /* */ ndani ya <?php, hizo zinabaki kwenye seva.

Sasa lililonipandisha presha ni hili. Jamaa alitaka kuzima kipande kinachoonesha oda, akakizungushia <!-- --> juu ya kodi ya PHP, akaona kimepotea kwenye skrini akajua kamaliza. Kaka, PHP haiitambui komenti ya HTML! Kwake hayo ni maandishi ya kupitisha tu, ikikuta <?php inafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo kila ukurasa ukifunguka databezi inaulizwa, oda zinavutwa, majina na namba za simu za watu zinamwagwa humohumo ndani ya komenti na mwenye duka hana habari. Watu walitoa namba zao waletewe brekipedi, hawakukubali zianikwe!

CSS nayo (inayopanga rangi na mwonekano) kaweka // utadhani ni JavaScript. CSS inajua /* */ tu, hiyo // inaweza kuua na mstari unaofuata, rangi ya kitufe ikagoma, badala ya kutafuta sababu akajaza !important (ya kulazimisha mtindo ukubali) faili zima.

Kama una kazi ya mteja iko hewani kafungue Ctrl+U sasa hivi, utafute <!-- kila ukurasa. Ukikuta paswadi usiishie kuifuta, BADILISHA, maana ukurasa wa zamani unaweza kuwa umeshahifadhiwa Wayback Machine (tovuti inayotunza nakala za kurasa za zamani) au mtu kaushusha kitambo. Halafu mpigie mteja umwambie ukweli, data ni za wateja wake.