Gitaa kavu la zamani (Martin 0-18) linauzwa Tanga: nikague nini kabla ya kutoa hela?

Mkwakwani_Besi:
Wakuu, habari za saa hizi. Kuna gitaa kavu linauzwa hapa Raskazone, limo kwenye mkusanyo wa vyombo vya muziki vya mzee aliyekwishafariki. Anayeuza ni mwanawe. Anasema ni Martin 0-18 (Martin ni kampuni ya magitaa ya Marekani) ya mwaka 1927, anataka milioni 9 na hashuki sana.

Nimeliona mara moja, dakika 10 tu. Freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ni 12 hadi shingo inapokutana na mwili, kichwa kina matundu mawili marefu, ubavu na mgongo ni mbao ya kahawia nyekundu. Daraja, ubao unaoshika nyuzi juu ya mwili, lina tumbo upande wa nyuma ya vigingi vya nyuzi. Nyuzi ziko juu, kuanzia freti ya 7 kubonyeza ni kazi. Uso umevimba kidogo nyuma ya daraja, na kuna ufa kama sentimita 9 kutoka darajani kwenda chini.

Jumamosi narudi. Nibebe nini, nitazame wapi, na kipi nikikiona niondoke? Ni gitaa la kupigwa, si la kutundikwa ukutani.

FundiPongwe:
Mkuu, beba rula ya chuma ya sentimita 60 iliyonyooka kweli, rula ndogo ya milimita, kioo kidogo, tochi nyembamba na kipande cha karatasi. Usianze na sauti. Anza na namba.

Mulika kwenye tundu la sauti ukielekea shingoni. Kwenye gogo linaloshika shingo pamegongwa namba. Martin walianza kuhesabu mwaka 1898 kwa namba 8000. Mwaka 1926 uliishia 28689, 1927 ukaishia 34435, 1928 ni 37568, 1929 ni 40843, na 1930 ni 45317. Kwa hiyo la 1927 lazima liwe juu ya 28689 na lisipite 34435. Jina la modeli lilianza kugongwa hapo mwishoni mwa 1930, basi usilihukumu kwa kukosa "0-18". Pima tu upana wa chini, pale palipo papana kuliko kote: sentimita 34.3 ni saizi ya 0, sentimita 35.9 ni saizi kubwa zaidi, 00.

Geuza kichwa: jina la kampuni liwe limegongwa kwa nyuma, ndani ya mbao yenyewe. Yale maandishi ya dhahabu ya kubandika mbele ya kichwa ni ya miaka ya 1930 kuja juu. Ukiyakuta kwenye gitaa linaloitwa la 1927, ama kichwa kimepakwa upya ama mwaka ni wa kubuni. Freti nazo: kabla ya 1934 zilikuwa vipande bapa vya chuma, si zile zenye kichwa cha mviringo.

Kinachonisumbua kwenye maelezo yako ni daraja. La 1927 linatakiwa liwe jembamba, limenyooka, lenye ncha mbili za piramidi. Daraja lenye tumbo liliingia karibu na 1930. Kwa hiyo ama limebadilishwa, ama mwaka anaousema muuzaji si wenyewe. Namba itakwambia.

Jambo jingine ni rangi. Chunguza chini ya daraja na pembeni mwa shingo: rangi ikiwa imepanda juu ya gundi au imejaza mikwaruzo ya zamani, gitaa limepakwa upya. Hilo hukata thamani karibu nusu, hata kama linang'aa.

Sauti_ya_Kusi:
Fundi amesema vyema, ila mimi ningeipima shingo kabla ya kuihangaikia namba. Mwaka hautakuzuia kupiga gitaa, shingo itakuzuia.

Magitaa haya hayana chuma cha kurekebisha ndani ya shingo. Martin hawakuweka chuma cha kukaza na kulegeza hadi 1985. Shingo imeingia mwilini kwa ulimi uliopanuka kama kabari na kugandishwa kwa gundi ya ngozi. Kwa miaka 90 na zaidi nyuzi za chuma zinavuta mbele, mwili unajikunja taratibu, pembe ya shingo inapotea. Ndiyo maana nyuzi zake ziko juu.

Pima hivi. Laza rula ndefu juu ya freti, katikati ya shingo, isogeze mpaka iguse daraja. Ikitua juu kabisa ya ubao wa daraja, au juu kidogo, shingo ni nzima. Ikigonga uso wa mbele wa daraja, chini ya ukingo wake, shingo inahitaji kutolewa kwa mvuke, kuchongwa kisiginoni (pale inapokaa mwilini) na kurudishwa. Halafu pima nafasi kati ya freti ya 12 na uzi. Uzi mnene milimita 2.4 na mwembamba 1.8 ni pazuri sana. Ukikuta 3.5, hapo ni taabu.

Muuzaji atakwambia "unakwangua mfupa wa darajani tu", yaani kile kipande chembamba ambacho nyuzi hupita juu yake. Hesabu yake ni hii: ili uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, mfupa lazima ushuke milimita 2. Na mfupa ukibaki chini ya milimita 3 juu ya daraja, uzi haukandamizi vya kutosha na sauti inakufa. Kwa hiyo pima pia mfupa umesimama kiasi gani.

Uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni wa kawaida, gitaa lisilo nao kabisa ndilo la kushangaza. Kibaya ni uvimbe unaoambatana na kuzama kati ya daraja na tundu la sauti, au daraja kunyanyuka. Pitisha karatasi kwa nyuma ya daraja uone inaingia kiasi gani. Kisha gonga uso kwa ncha ya kidole taratibu, sehemu baada ya sehemu. Pakitoa mtetemo mkavu kama debe, taruma (fito ya mbao inayoimarisha uso kwa ndani) limeachia. Tumia kioo: mataruma makuu mawili yapishane kwa umbo la X chini ya tundu.

Ufa wa sentimita 9 unazibika kwa gundi ya ngozi na vipande vidogo vya mbao kwa ndani. Cha kuondokea ni skrubu au boliti darajani, na gundi ngumu ya kung'aa, ile ya kuchanganya mirija miwili, kwenye kiungo cha shingo. Mvuke hauilainishi kama gundi ya ngozi. Ukiilazimisha unararua mbao.

Na kwa hapa pwani, mulika pembe zote za ndani. Unga mlaini na vitundu vya mviringo ni wadudu wa mbao.

Wakili_Ngamiani:
Ndugu, kuna upande ambao rula haiupimi. Mali ni ya marehemu. Anayeruhusiwa kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto yeyote mwenye ufunguo wa kabati. Omba kuona barua ya uteuzi. Kama hakuna, warithi wengine wanaweza kulidai gitaa kwako kesho. Hati ya mauzo iandike namba ya gitaa, nyufa zilizopo, bei, na mashahidi wa pande zote mbili.

La pili, mfupa wa kichwani na wa darajani. Magitaa ya zama zile mara nyingi yaliwekewa pembe ya ndovu. Mfupa wa ng'ombe una vidoadoa au vistari vyeusi vidogo. Pembe ni laini, na kipande kikubwa huonyesha mistari inayokatana. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ya ndovu ni nyara ya Serikali na kumiliki bila kibali ni kosa. Ukiwa na shaka, mwenye mali alimalize hilo na mamlaka ya wanyamapori kabla hujagusa chochote.

Mkwakwani_Besi:
Nimerudi kulipima, wakuu. Namba inaanza na 42, ina tarakimu tano. Upana 34.3. Jina limegongwa nyuma ya kichwa, mbele hakuna kitu. Freti ni bapa. Rula inagonga daraja milimita 2 chini ya ukingo. Freti ya 12: uzi mnene 3.8, mwembamba 3.1. Mfupa umesimama milimita 2 tu. Karatasi inaingia milimita 3 nyuma ya daraja. Sehemu moja upande wa nyuzi nene inatoa mlio wa debe. Hakuna skrubu, hakuna unga. Mifupa yote ina vidoadoa. Barua ya mirathi ipo, ina jina lake.

FundiPongwe:
Basi ni la 1930, na daraja lenye tumbo linaendana na mwaka huo. Hakuna aliyeghushi, mwana hakujua tu.

Sauti_ya_Kusi:
Kutoka 3.8 kwenda 2.4 unahitaji kukwangua milimita 2.8, na mfupa wote una 2. Shingo lazima itoke. Ongeza kugandisha daraja upya na taruma moja. Gharama za kazi hizo tatu ziondoke kwenye milioni 9, na umwonyeshe rula ikigonga daraja ili aone mwenyewe. Usimpe seremala wa milango. Daraja likihitaji kipande kipya, mpingo wetu unafaa kabisa, ni mgumu kuliko eboni.

Ukilichukua, weka nyuzi nyepesi za 10 hadi 47 (unene kwa elfu za inchi), si 12 hadi 54. Lisilale ndani ya gari juani: gundi ya ngozi huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na gari lililofungwa Tanga mwezi wa Februari hufika huko kwenye dashibodi. Masika libaki kwenye kasha lenye vifuko vya silika, na kipima unyevu kikae kati ya asilimia 45 na 55. Na hata kabla ya bei kuafikiwa, mwombe mwana alegeze nyuzi zote mizunguko miwili leo hii, daraja lisiendelee kuachia.