Waandaaji wa mizunguko ya baiskeli za milimani, acheni kutuuzia kilomita za GPS ya mfukoni!

Wakuu, salamu baadaye. Hili limeshakuwa kero.

Iwe Lushoto, iwe Karura, tangazo linakuja na "km 42.7". Hiyo nukta saba mmeitoa wapi? Mtu katumbukiza GPS ya mkononi kwenye begi, kapita njia mara moja, kasoma namba kwenye kioo, kaiweka kwenye bango. Watu wanapanga maji, chakula na taa kwa namba hiyo. Wakihoji wanajibiwa "GPS haidanganyi".

Haidanganyi, sawa, ila pia haipimi urefu wa njia! Inakadiria mahali ilipo, inaweka alama, inakwenda mbele, inaweka nyingine. Baadaye alama zinaungwa kwa mistari iliyonyooka, na jumla ya mistari hiyo ndiyo "umbali" wenu.

Chukua kona ya kupandia mlima, nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 5. Ukiizunguka ni mita 15.7, ukiikata ni mita 10. Kifaa kinachorekodi kila sekunde 10, baiskeli ikienda km 12 kwa saa, kinaruka mita 33 kati ya alama na alama. Moja ikiangukia kabla ya kona na nyingine baada yake, njia ikiwa imejirudia sambamba, mita 33 za jasho zinaandikwa 10. Si kila kona itakuwa na bahati mbaya hivyo, lakini mlima wenye kona 40 unaweza kumeza mamia ya mita. Na wengi mnaacha rekodi kwenye "Auto", kifaa kijiamulie chenyewe lini kiweke alama.

Mjuaji atasema weka kila sekunde moja. Haya, kosa linahamia upande wa pili. Chini ya miti minene kila alama inaweza kuyumba mita kadhaa. Anayesukuma baiskeli kwa km 5 kwa saa anasogea mita 1.4 tu kwa sekunde, kwa hiyo myumbo ni mkubwa kuliko hatua yenyewe. Mstari unakuwa kama wa mlevi na umbali unavimba. Vichujio vya ndani hupunguza hilo, haviliondoi. Ukisahau kusimamisha rekodi kwenye kituo cha maji, unaweza kuongezewa mita ukiwa umekaa unakula ndizi.

Halafu kuna kisingizio cha mlima: "GPS inapima bapa, ndiyo maana." Pigeni hesabu basi. Mwinuko wa asilimia 10 unaongeza asilimia 0.5, yaani mita 50 kwa kila km 10. Hata wa asilimia 20 unaongeza kama asilimia 2 tu. Namba yenu ikipishana na ya kweli kwa km 3, tofauti hiyo msiitwike milima.

Wengine mnajisifu kuwasha WAAS, yale masahihisho ya GPS yanayotumwa kwa setilaiti. Ile imejengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, na EGNOS, ndugu yake, kwa ajili ya Ulaya. Lushoto haikuongezei kitu.

Mnataka namba ya kuaminika? Fungeni mita ya sumaku, yaani kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kwenye gurudumu la mbele (la nyuma huteleza kwenye kupanda). Jazeni tairi upepo uleule wa siku ya kupima njia, mpandaji akae juu ya kiti, wekeni chaki kwenye tairi na chini, sukumeni mizunguko 10 kamili, pimeni kwa futikamba, gawanyeni kwa 10 mpate mzingo wa gurudumu. Mkikosea sm 2 kwenye mzingo wa mita 2.1, mmeshapoteza karibu asilimia 1. Upepo ukipungua njiani, gurudumu linasinyaa na umbali unasomeka mrefu kuliko ulivyo. Kisha hakikini kwenye barabara iliyonyooka, angalau mita 300 zilizopimwa kwa utepe wa chuma. Wapimaji wa mbio za barabarani hufanya hivyo hivyo kwa baiskeli, na bado huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Nyie mna nukta saba!

GPS iendelee kuchora ramani, kazi hiyo inaiweza. Ishikeni ipasavyo tu: GPS za mkononi za Garmin kama eTrex zilale kifudifudi? Hapana, uso uangalie juu. Zenye antena ya kibomba juu, kama GPSMAP 64, zisimame wima. Na msianze kutembea kabla haijapata setilaiti.

Tangazo liandike "km 42 hadi 43, mita ya gurudumu". Hakuna atakayewacheka.

NYONGEZA: Mnaouliza kuhusu saa na simu za masafa mawili (L1 na L5, yaani zinazopokea mawimbi ya aina mbili kutoka setilaiti), zinasaidia penye kuta za miamba kama Hell's Gate, ambako mawimbi hugonga jabali kabla ya kufika. Ila alama zikiachana mbali, kona zitakatwa vilevile. Na wenye eTrex za kizazi cha kwanza, msitumie ile njia mliyo"save": kifaa huchuja alama kabla ya kuihifadhi. Shusheni rekodi ghafi.